Kliniki ikisema "mafanikio 65%", uliza: 65 katika mia ya nani?

Fundi Mizani #1

Wakuu, salaam. Swali la upandikizaji mimba (IVF: mayai huvunwa, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete, yaani yai lililorutubika na kuanza kukua, hurudishwa kizazini) linarudi humu kila wiki kwa sura ile ile: kliniki moja imesema inafanikiwa kwa asilimia 65, nyingine imesema 38, niende wapi? Tulimalize hapa, wenye nondo washushe.

Hesabu za sehemu mnazikumbuka: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Tangazo la kliniki hukupa jibu la kugawanya na kukuficha asili. Mimi asili ndiyo naitaka kwanza, kabla hata ya bei.

Chukueni mfano huu. Si takwimu za kliniki yoyote, nimeupanga hivi ili mchezo uonekane.

Wanawake 100 wanaanza sindano za kukuza mayai. Kufika siku ya nane hadi ya kumi, altrasaundi inaonyesha 10 wana tatizo: mayai hayakuitikia dawa, au yameitikia kupita kiasi, au yamepasuka kabla ya kuvunwa. Hao wanasimamishwa. Wanaoingia chumba cha kuvunia ni 90. Kati yao 12 hawapati kiinitete cha kupandikiza, maana mayai hayakukomaa, hayakurutubika, au viinitete vilikoma kukua njiani. Wamebaki 78. Wanane viinitete vyao vinagandishwa kwa ajili ya miezi ya mbele. Wanaopandikizwa mwezi huu ni 70. Kipimo cha damu kinakuta homoni ya mimba kwa 42. Altrasaundi ya wiki ya sita au saba inaona kifuko cha mimba kwa 35. Wanaojifungua mtoto hai ni 28.

Haya, tugawanye:

42 kwa 70 = 60%
35 kwa 70 = 50%
28 kwa 70 = 40%
28 kwa 90 = 31%
28 kwa 100 = 28%

Kliniki ni ile ile na wanawake ni wale wale. Mwenye tangazo ataandika 60 na hutamshika kwa uongo. Wewe unayekwenda kuuza kiwanja upate ada, namba yako ni ile ya mwisho, kwa sababu siku unayolipa unakuwa miongoni mwa wale 100, hujawa miongoni mwa wale 70. (Wale wanane wa kugandishwa wataongeza watoto wachache baadaye, na kliniki ina haki ya kuwahesabu, mradi iseme imewahesabu vipi.)

Nesi wa Zamu #2

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza kwenye ile 42, maana huko ndiko watu wanakoumia roho.

Kuna "mimba" za aina tatu kwenye karatasi za kliniki. Ya kwanza ni ya damu tu: homoni ya hCG imepanda, ukaambiwa hongera, kisha ikashuka kabla altrasaundi haijaona kitu. Ya pili ni ile ambayo altrasaundi imeona kifuko ndani ya kizazi. Ya tatu ni mtoto aliyezaliwa hai. Kati ya kifuko na mtoto bado mimba huharibika, na kadiri umri wa mayai unavyopanda ndivyo zinavyoharibika nyingi. Kwa hiyo kliniki yenye wateja wengi wa miaka 40 na kitu ikitangaza "mimba", pengo kati ya namba yake na watoto ni kubwa kuliko la kliniki ya wateja vijana.

Jambo jingine la kuangalia ni sindano ya kukomaza mayai, ile ya saa 36 hivi kabla ya kuvuna. Mara nyingi yenyewe ni hCG. Uniti 10,000 zinaweza kubaki mwilini siku 10 na zaidi. Mtu akikojolea kipimo siku ya tano baada ya kupandikizwa akaona mistari miwili, huenda anaiona sindano. Ndiyo maana damu huchukuliwa kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kupandikizwa, na hurudiwa baada ya saa 48 kuona kama inapanda inavyotakiwa. Kipimo kimoja hakitoshi.

Hesabu ya tarehe pia iwekeni vizuri. Kiinitete cha siku ya tano kikipandikizwa, siku hiyo mimba inahesabiwa wiki 2 na siku 5. Ongeza siku 28 unapata wiki 6 na siku 5, na hapo altrasaundi inatarajiwa kuona mapigo ya moyo. Ukipelekwa wiki moja mapema ukaambiwa "hatuoni kitu", usianze kulia.

Mkulima wa Parachichi #3

Kwa hiyo ile ya 38% inaweza kuwa bora kuliko ya 65%?

Fundi Mizani #4

Inaweza kabisa. Kama 38 ni watoto waliozaliwa kwa kila mwanamke aliyevunwa mayai, na 65 ni vipimo vya damu kwa kila aliyepandikizwa, basi mimi natembea hadi kwa yule wa 38.

Halafu kuna idadi. Kliniki mpya imepandikiza wanawake 20, wamejifungua 8, inaandika 40%. Ni kweli. Lakini kwa watu 20 bahati inacheza sana: uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 22% na 61%. Kliniki iliyopandikiza 400 wakajifungua 160 nayo ni 40%, ila hiyo iko kati ya 35 na 45. Asilimia ni moja, uzito mbalimbali. Chini ya watu mia moja usiisome kama kipimo cha ustadi, isome kama matokeo ya mechi tatu za mwanzo wa ligi.

Uliza pia ni ya mwaka gani. Takwimu ya watoto hai siku zote iko nyuma, kwa sababu ya miezi tisa ya mimba na muda wa kufuatilia. Kliniki ikikupa "watoto waliozaliwa" kwa waliopandikizwa miezi minne iliyopita, hapo anayekudanganya hata kalenda inamsuta.

Bahari Kuu #5

Kaka Mizani, umeacha tumbuu la mnyororo wote: umri. Asilimia moja kwa kliniki nzima haina maana kwa mtu yeyote.

Kwa mayai ya mwanamke mwenyewe, takwimu za Marekani zinazohesabu kuanzia mtu anayekusudia kuvuna mayai, pamoja na viinitete vilivyogandishwa vya mvuno huo, zinakwenda hivi kwa makadirio: chini ya miaka 35 karibu nusu hupata mtoto; 35 hadi 37 kama wanne katika kumi; 38 hadi 40 kama robo; 41 na 42 kama mmoja katika wanane; zaidi ya 42 hawafiki watano katika mia. Ngazi ni kali, na baada ya 38 kila mwaka unakata.

Sababu si kizazi, ni yai. Yai likizeeka, mgawanyo wa kromosomu unakosewa mara kwa mara. Kiinitete kinaweza kupendeza chini ya darubini na bado kikawa na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 47 akipandikizwa kiinitete cha yai la msichana wa miaka 25, nafasi yake inafuata umri wa yule msichana. Basi ukiona bango la mama wa miaka 49 na mapacha, swali ni moja: mayai ya nani? Jamani si kosa kutumia mayai ya kupewa, ni uamuzi wa watu na dini yao (wenzetu Waislamu wa Sunni wanajua wanazuoni wamekataza, na Kanisa Katoliki linapinga IVF yote). Ila kliniki ikichanganya mizunguko (awamu za tiba) ya mayai ya kupewa na ya mayai ya wenyewe ndani ya asilimia moja, imepaka rangi nyumba mbovu.

Na AMH, homoni inayopimwa kwenye damu, msiigeuze utabiri. Inakadiria mayai mangapi yatavunwa, haisemi yana ubora gani. Wa miaka 29 mwenye AMH ndogo na wa miaka 42 mwenye AMH kubwa, mara nyingi wa kwanza ndiye mwenye nafasi nzuri kwa kila yai. Muangalie pia kizio: nanogramu 1 kwa mililita ni pikomoli 7.14 kwa lita. Kuna watu wanalinganisha 1.2 ya maabara moja na 8.6 ya nyingine wanadhani wameongezeka mara saba, kumbe ni kitu kile kile.

Meza ya Darubini #6

Niongee upande wa maabara, ambako mgonjwa haingii lakini ndiko asilimia inakopikwa.

Tuseme umevunwa mayai 12. Yaliyokomaa yanaweza kuwa 9 au 10. Yanayorutubika vizuri, kama 7. Yanayofika siku ya tano au ya sita yakiwa blastosisti (jina la kiinitete cha siku hizo), 3 hivi. Watu wanasikia "umepata mayai 12" wanaanza kuchagua majina ya watoto 12. Kupungua huku ni kwa kawaida. Kisicho cha kawaida ni kupungua kuliko viwango, na viwango vipo: mwaka 2017 wataalamu wa maabara hizi walichapisha maafikiano yao ya Vienna. Baadhi ni haya:

Yai linalochomwa mbegu moja kwa sindano (ICSI): maabara yenye sifa irutubishe angalau 65%, lengo 80% na zaidi.
Mayai na mbegu zikiwekwa pamoja kwenye sahani bila sindano: angalau 60%, lengo 75%.
Mayai yanayoharibika kwa ile sindano: yasizidi 10%, lengo yasizidi 5%.
Yaliyorutubika yanayofika blastosisti: angalau 40%, lengo 60%.
Blastosisti zinazosalimika zikiyeyushwa: angalau 90%, lengo 99%.

Hizi ndizo namba za kumuuliza mkuu wa maabara. Asilimia ya watoto inategemea umri wa wateja na namna walivyochaguliwa, ila ya kusalimika kwa blastosisti inategemea mikono na vifaa vyake. Akikuambia "hatuhesabu hizo", umeshajibiwa.

Kinachoharibu ni vitu vidogo. Kiinitete kinataka joto la nyuzi 37, hewa ya kaboni karibu 6%, oksijeni 5%, na uchachu (pH) wa maji yake kati ya 7.2 na 7.4. Mlango wa inkubeta (kabati la joto la kutunzia viinitete) ukifunguliwa mara nyingi, vyote vinayumba. Rangi mpya ya ukuta, dawa ya kudekia yenye harufu kali, hata manukato ya mtu aliyeingia, vinaacha mvuke usioufaa. Ndiyo maana maabara nzuri ina vichujio vya hewa, na presha ya ndani huwa kubwa kuliko ya korido ili vumbi lisiingie. Ukikuta maabara inatazamana na barabara ya vumbi na dirisha liko wazi, geuza gari.

Halafu umeme. Kwa nchi zetu swali la umeme ni swali la asilimia. Jenereta pekee haitoshi, kwa sababu kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka kuna sekunde au dakika; lazima betri za akiba zishikilie pengo. Viinitete vilivyogandishwa havihitaji umeme, vimezama kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini naitrojeni hupungua kila siku na tangi hujazwa. Uliza nani anapima kina chake, mara ngapi kwa wiki, na kengele inamwita nani usiku.

Dada Mwasiti #7

Meza, na zile kliniki ambazo mtaalamu wa viinitete anakuja kwa ndege mara moja kila baada ya wiki kadhaa?

Meza ya Darubini #8

Zipo, na si lazima ziwe mbaya. Wanawake hukusanywa, mizunguko yao ya hedhi inasawazishwa kwa vidonge ili wote wavunwe wiki moja. Faida yake ni mkono wenye uzoefu. Tatizo linatokea pale wanawake 15 wanapovunwa kwa siku mbili na mtu ni mmoja. Urutubishaji hukaguliwa saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kuwekwa. Ukichelewa, dalili yake inafutika na huwezi tena kutofautisha yai lililorutubika sawasawa na lililoingiwa na mbegu mbili. Uliza watu wangapi kwa mkupuo, na mtaalamu akishapanda ndege nani anabaki na matangi.

Tena kuna hatari ya kuchanganya. Kila sahani iwe na jina na namba, na kila hatua ishuhudiwe na mtu wa pili anayeweka saini, au mashine inayosoma lebo. Omba uone fomu tupu ya ushuhuda. Nafasi ya saini ya pili ikiwa haipo, huo utaratibu upo kwa maneno tu.

Mkulima wa Parachichi #9

Hapa kuna swali la ujanja. Kliniki inaweza kupandisha asilimia bila kuboresha chochote?

Bahari Kuu #10

Tena kirahisi. Inawakataa wenye AMH ndogo na waliozidi 40, au inawasukuma kwenye mayai ya kupewa. Inasimamisha mizunguko dhaifu kabla ya kuvuna, ikijua haitahesabiwa. Inapandikiza blastosisti tu, wale ambao viinitete vyao havikufika siku ya tano wanatoka kwenye asili kimyakimya. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo kosa la kitabibu peke yake, nyingine ni busara kabisa. Shida inaanza pale asilimia inapotolewa bila kusema nani aliachwa nje. Kwa hiyo uliza: katika kila wanawake kumi wa umri wangu walioanza sindano kwenu, wangapi walifika kupandikizwa?

Njia nyingine ni kupandikiza viinitete viwili au vitatu.

Nesi wa Zamu #11

Na hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote.

Weka wanawake 100, kila mmoja apandikizwe viinitete viwili. Wajifungue 40, kati yao 10 mapacha. Watoto ni 50. Kliniki inaandika "watoto 50 kwa wanawake 100". Waliojifungua 40 gawanya kwa viinitete 200: 20%. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia kliniki hizi, HFEA, huonyesha uzazi kwa kila kiinitete kilichopandikizwa, na hiyo inaiondolea kliniki faida ya kurundika viinitete.

Najua mtu aliyesubiri miaka tisa akisikia mapacha anasema "alhamdulillah, wote kwa pamoja". Lakini mapacha huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi mno, na mama hupata presha ya mimba na kutokwa na damu zaidi. Kabla ya kusaini viwili, uliza hospitali utakayojifungulia ina wodi ya watoto njiti yenye mashine za kusaidia kupumua, na iko umbali gani kwa gari usiku. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 mwenye blastosisti nzuri, kimoja kipandikizwe na kingine kigandishwe. Watoto wanaweza kuja wote wawili, kila mmoja kwa mwaka wake.

Dada Mwasiti #12

Mtu akiambiwa nafasi ni 35% kila mara, akirudia mara tatu si 105?

Fundi Mizani #13

Hapana dada, asilimia za namna hii hazijumlishwi. Unachozidisha ni nafasi ya kukosa. Kukosa mara moja ni 0.65. Mara tatu ni 0.65 × 0.65 × 0.65 = 0.27. Kwa hiyo kupata angalau mara moja ni 73% hivi. Hiyo ni kwenye karatasi.

Kwa watu halisi inakuwa chini ya hapo, kwa sababu waliokosa mara ya kwanza si kundi lile lile tena: wenye nafasi kubwa wameshapata wakatoka, waliobaki wana ugumu zaidi na wamezeeka kidogo. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2015, uliofuata wanawake 156,947. Mzunguko wa kwanza, ukihesabu viinitete vyote vibichi na vya kugandishwa vya mvuno huo, ulileta mtoto kwa 29.5%. Ukipiga hesabu yangu ya karatasi kwa mizunguko sita unapata karibu 88%. Walichokadiria wao, wakizingatia kwamba baadhi ya wanaoacha ni wenye nafasi ndogo, ni kama 65%.

Tofauti hiyo ya 88 na 65 ichukueni mnaposikia kliniki inauza "kifurushi cha mizunguko mitatu, uhakika 90%". Upande wa pili, 65 si ndogo. Mtu aliyekosa mara moja hajafikia mwisho. Kama mfuko unaruhusu, panga bajeti ya mizunguko miwili tangu mwanzo, usimalizie yote kwa mmoja.

Mkulima wa Parachichi #14

Nyongeza za kulipia je? Kukwaruza kizazi, kupima kromosomu...

Meza ya Darubini #15

Kukwaruza kizazi kulijaribiwa kwa wanawake 1,364 waliogawanywa makundi mawili kwa kura, matokeo yakatoka 2019: waliokwaruzwa 26.1% walijifungua, wasiokwaruzwa 26.1%. Nadra kuona jibu safi namna hiyo. Ukikuta bado iko kwenye ankara, iulizie.

Kupima kromosomu za kiinitete kunapandisha asilimia *kwa kila upandikizaji*, maana vilivyo vibovu vimeondolewa kabla. Hakutengenezi kiinitete kizuri ambacho hakikuwepo. Mwanamke wa miaka 41 mwenye blastosisti mbili anaweza kuzipima zote zikakutwa mbovu, asipandikizwe, na kwenye takwimu ya kliniki asionekane kabisa. Faida kwake ni kuepuka mimba ya kuharibika na miezi ya kungoja bure, si jambo dogo, lakini si sawa na kuongezewa nafasi ya mtoto. Kliniki inayopima viinitete vya wote halafu inatangaza "60% kwa kila upandikizaji", mrudishe kwenye post namba 1.

ICSI nayo: mbegu zikiwa nzuri haiongezi watoto. Ni kwa mbegu chache, dhaifu, au urutubishaji ulioshindwa awali.

Nesi wa Zamu #16

Tusiongelee kliniki tu, kuna vitu mgonjwa anakwenda navyo vinavyoshusha asilimia yake, na vingine vinatibika kabla.

Huku kwetu mirija iliyoziba ni sababu kubwa, na si kila mrija ulioziba ni sawa. Uliojaa maji unavujisha maji hayo ndani ya kizazi na kupunguza nafasi ya IVF kwa karibu nusu. Dawa yake ni kuuondoa au kuufunga mrija *kabla* ya kupandikiza. Picha ya mirija, HSG, inaonyesha. Mrija mkubwa uliojaa huonekana hata kwa altrasaundi. Kliniki ikipandikiza huku maji yanaonekana kwenye picha, na haijakueleza kitu, uliza kwa sauti.

Fibroidi (uvimbe wa kizazi): iliyoingia ndani ya uwazi wa kizazi hupunguza nafasi na hutolewa kwa kamera. Ile ya ukuta wa nje kabisa, mara nyingi iacheni. Kuna watu wamepasuliwa fibroidi za nje zisizohusika, wakapoteza mwaka wa kusubiri kidonda, na mwaka kwa mtu wa 39 ni mali.

Baba naye apimwe mapema, si siku ya kuvuna. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 ni ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea 42%, zenye umbo zuri 4%. Ndiyo, nne. Wanaume wengi wakiona "96% hazina umbo zuri" wanakata tamaa bure. Na kama amepata homa kali, matokeo yanaweza kuvurugika miezi miwili mitatu baadaye, arudie.

Kulala kitandani wiki mbili baada ya kupandikizwa hakusaidii. Tembea, pika, nenda kazini. Tumbo likivimba ghafla, ukatapika, mkojo ukapungua au pumzi ikabana baada ya kuvuna mayai mengi, hiyo ni ovari kuzidiwa na dawa: hospitali usiku huo huo, usisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu.

Bahari Kuu #17

Kwa wanaouliza wapi pa kuhakiki. Uingereza HFEA inasimamia tangu 1991 na matokeo ya kila kliniki yanaonekana na umma. Ukiyafungua utaona kliniki nyingi zimeandikwa haziko mbali na wastani wa taifa. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko matangazo yao. Marekani sheria ya 1992 ndiyo iliyoanzisha kukusanya matokeo ya kliniki moja moja. India, ambako wengi wetu wanakwenda, ina sheria ya 2021 inayotaka kila kliniki isajiliwe, basi kabla ya tiketi uliza namba ya usajili.

Hapa Afrika Mashariki tiba hii si ngeni, Kenya watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa 2006. Ila daftari la umma la kila kliniki kama la HFEA hatuna. Kuna mtandao wa Afrika, ANARA, unaokusanya takwimu kwa hiari. Kliniki inayopeleka takwimu zake ANARA imeshaonyesha kwamba inahesabu. Uliza kama ni mmojawapo.

Fundi Mizani #18

Bei nazo zipimwe kwa mtoto, si kwa mzunguko. Mfano tu: kliniki ya kwanza milioni 12 na nafasi yako huko 20%, ya pili milioni 18, nafasi 35%. 12 gawa kwa 0.20 ni 60. 18 gawa kwa 0.35 ni 51. Ya "rahisi" ndiyo ghali. Ila hesabu hii ifanye baada ya kupata asilimia ya umri wako na kuhakikisha bei zote mbili zina dawa, usingizi, kugandisha na kupandikiza tena. Mara nyingi dawa za sindano hazimo, na ndizo zinazotoboa mfuko.

Kwa mtu asiyependa kubishana ana kwa ana, nakili ujumbe huu uwatumie:

"Habari. Nina miaka __, AMH __. Naomba kujua: mwaka juzi wanawake wangapi wa umri kama wangu walianza sindano kwenu wakitumia mayai yao wenyewe? Wangapi walivunwa mayai, wangapi walipandikizwa, na wangapi walijifungua mtoto hai? Kwa wastani mlipandikiza viinitete vingapi? Mapacha walikuwa wangapi? Blastosisti ngapi kati ya mia husalimika mkiziyeyusha?"

Mwaka juzi, si mwaka jana. Sababu nimeieleza post namba 4.

Dada Mwasiti #19

Wakijibu "kila mgonjwa ni tofauti, njoo umwone daktari"?

Nesi wa Zamu #20

Mjibu: "Sawa, nitakuja, namba za wagonjwa waliopita naomba zitangulie." Ada ya kumwona daktari iko pale pale hata wakikupa namba kwanza.

Na ukishafanya mzunguko, ukose upate, usiondoke bila karatasi zako: dawa na dozi za kila siku, unene wa ukuta wa kizazi siku ya kupandikiza (chini ya milimita 7 huwa unajadiliwa), mayai yaliyovunwa, yaliyokomaa, yaliyorutubika, daraja la kila kiinitete, na vingapi viko kwenye tangi. Daktari wa pili bila karatasi hiyo anaanza kwa kubahatisha dozi, na gharama ya kubahatisha unailipa wewe. Kwenye ile ya tangi angalieni ada ya kutunza ni ya miezi sita au ya mwaka, na fomu inasema nini ukichelewa kulipa.